Tupeane uzoefu: Sera ya mgombea iliwahi kuamua kura yako?

Wakuu, salaam. Kila kampeni tunahimizwa tuchague sera, tusichague sura. Naomba tuambiane ukweli: ni lini msimamo wa mgombea ulikufanya umpe kura, au umnyime? Ushabiki tuuweke kando, leta yaliyokukuta.

Naanza mimi. Mwanangu ni kiziwi. Mgombea niliyemuunga mkono miaka yote alikuwa na ilani nene, nikaisoma sura ya elimu neno kwa neno, watoto kama wangu hawamo. Mpinzani wake aliandika mistari miwili tu: walimu wa lugha ya alama kwenye shule za kawaida, na wakalimani kwenye mitihani. Nikampa yeye. Msimamo wake kuhusu kodi siukubali mpaka leo, ila kura haigawanyiki. Ukimchukua mtu unamchukua na yake yote.

Muuguzi: Pole na hongera, mkuu. Mimi huuliza fedha zitatoka wapi. Mgombea mmoja aliahidi huduma za uzazi bure, nikanyoosha mkono: glavu na dawa nani atalipia? Akataja fungu atakalolikata, na humo zimo posho zetu sisi watumishi. Watu wakaguna. Jibu liliniuma, lakini nilijua huyu amekaa chini akapiga hesabu. Kura yangu alipata.

Mwanachuo: Wanaosema wapiga kura husahau waangalie Uingereza. Mwaka 2010 wagombea wa chama cha Liberal Democrats walitia saini ahadi ya kupinga nyongeza ya ada za vyuo vikuu. Wakapata viti 57, wakaingia serikali ya mseto na chama cha Conservatives, kisha ukomo wa ada ukapandishwa hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Uchaguzi wa 2015 wakabaki na viti 8. Najua kuungana na Conservatives nako kuliwaponza, lakini ile ahadi wenzangu wa huko wanaikumbuka hadi leo.

Mzee wa mtaa: Vijana, mara nyingi mambo huenda kinyume. Kaka yangu alipinga ubinafsishaji kwa sauti kubwa, mpaka kiongozi anayempenda alipoukubali. Haukupita muda akawa anatufundisha faida zake mezani. Watafiti wa siasa wameliona hili: wengi humpenda mtu kwanza, misimamo yake wanaiazima baadaye. Kwa hiyo mtu akiniambia amechagua sera, humuuliza hiyo sera aliiamini kabla ya mgombea kuitamka?

Mfanyabiashara: Swali zito hilo, mzee. Kwangu shida ilikuwa nyingine: wagombea wawili wanaongea lugha moja. Mchumi Anthony Downs alilieleza mwaka 1957, kwamba vyama viwili vikiwania wapiga kura wa katikati huishia kusogeleana. Ilani zilipofanana, nikafuatilia nani alitimiza alichoahidi alipokuwa na madaraka. Hapo tofauti ilionekana waziwazi.

Mleta mada: Asanteni sana. Mzee, jaribio lako nimelichukua, nadhani kila mmoja wetu alifanye kabla ya kujisifu. Sasa nawasubiri waliowahi kumnyima kura mgombea wa chama chao wenyewe kwa sababu ya sera moja. Ilikuwa sera gani, na nyumbani mlielewana vipi?