Tupeane uzoefu: orodha ya marejeleo ilikutoaje jasho kabla jarida halijapokea makala yako?

UpepoWaUporoto (mleta mada)
Habari za baridi, wakuu. Makala yangu ya mnyauko wa viazi imerudi jana. Haikufika hata kwa wahakiki. Mhariri kaandika mistari miwili tu: marejeleo hayafuati utaratibu wa jarida, rekebisha ndipo ulete. Mimi nimeandika kwa mtindo wa APA, jina na mwaka. Wao wanataka Vancouver, yaani namba kwenye mabano kwa mfuatano wa kutajwa. Nina rejea 52, zote nilizipiga kwa mkono, nyingine umeme umekatika na betri iko asilimia 9. Nimepewa siku 14. Nani kapita hapa, na alitokaje? Visa vya kuchekesha ruksa, maana Uyole leo hata jua hakuna.

MamaMaharage
Pole mdogo wangu. Cha kuchekesha ninacho.

2016 nilikuwa na makala ya maharage, Vancouver hiyohiyo, namba nimezihesabu kwa kidole. Mhakiki akasema ongeza chanzo kimoja kwenye utangulizi. Kimoja tu! Kikaangukia nafasi ya saba, kwa hiyo ya saba ya zamani iwe ya nane, ya nane iwe ya tisa, hivyohivyo mpaka mwisho. Nikajiona mjanja. Nikafungua ile sehemu ya Word ya kutafuta na kubadilisha: tafuta [7], weka [8], badilisha zote. Halafu tafuta [8], weka [9]. Umeshaliona kosa? Mimi sikuliona. Zile saba zilizokwisha kuwa nane nazo zikabebwa kwenda tisa, tisa zote zikaenda kumi. Kufika mwisho, kila kitu kuanzia saba kimekuwa [41]. Muswada mzima unamtaja mtu mmoja! Na kwa kuogopa umeme nilikuwa nahifadhi kila hatua, kwa hiyo hata nakala ya zamani sina.

Mtu anayelazimika kufanya kwa mkono aanzie mwisho arudi mbele: [40] iwe [41] kwanza, kisha [39] iwe [40]. Nilijifunza hilo saa nane usiku nimejifunika mablanketi mawili, baba watoto ananiuliza unalia nini, namjibu mabano.

BaridiYaNjombe
Kamwene. Dada, umeniua na hayo mabano.

Mleta mada, acha mkono. Pakua Zotero, programu ya kupanga marejeleo, ni ya bure. Kwa kila makala yenye DOI, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10, unaipachika kwenye kitufe chenye picha ya fimbo na taarifa zote zinajileta zenyewe. Ukishachomeka rejea ndani ya Word kwa kitufe chake, kuhama APA kwenda Vancouver ni kuchagua mtindo mwingine kwenye orodha. Namba zinajipanga, hata ukiongeza chanzo katikati.

Ila usilale. Mashine inaleta ilichokikuta. Vichwa vingine vinakuja kwa herufi kubwa tupu kama tangazo la mnada. Na huyo kimelea wako, Ralstonia solanacearum, anatakiwa awe kwenye hati mlazo hata ndani ya kichwa cha makala ya mtu mwingine. Kwenye sehemu ya kichwa zungushia jina lake alama hizi, <i> mwanzo na </i> mwisho, itatoka sawa.

Halafu majina. Makala za zamani zimetuandika wengine ukoo kwanza, wengine ukoo mwisho. Mimi kwenye maktaba yangu mwenyewe ni watu wawili.

Mwana wa Rungwe
Hapo kwenye majina umenigusa. Huku kwetu herufi M peke yake inakula nusu ukurasa: Mwa-, Mwa-, Mwa-. Na APA inasema waandishi wa kwanza wawili wakiwa na ukoo mmoja, uweke herufi za majina yao ndani ya matini hata kama miaka ni tofauti. Makala yangu ikawa kama daftari la mahudhurio Tukuyu. Heri hiyo Vancouver, namba haina ukoo.

Kisa changu ni kingine. Nilikuwa nimeweka kila kitu kwa Zotero, safi kabisa. Mwandishi mwenzangu akasema tuipandishe mtandaoni tuhariri pamoja. Tukapandisha, tukahariri, tukaishusha. Maandishi yapo, namba zipo, ila Zotero haitambui hata moja, zimegeuka maneno ya kawaida. Rejea 60, nikachomeka upya moja moja. Siku hizi wenzangu nawatumia nakala waandike maoni pembeni, faili lenyewe halitoki kwangu.

Mwalimu_Gangilonga
Nasimamia tafiti za wanafunzi hapa Iringa. Mwaka jana kijana kaniletea orodha nzuri mno, kila nukta mahali pake. Uzuri wenyewe ndio ulionitia shaka. Nikachukua DOI ya kwanza, nikaiandika baada ya doi.org/, ikanipeleka kwenye makala ya samaki. Yeye anaandika kuhusu hesabu za darasa la nne. Ya pili haikufunguka kabisa. Kumbe kaiomba akili mnemba imtungie, nayo ikatunga kwelikweli. Sikumgombeza sana, nilimwambia aniletee hizo makala mkononi. Alirudi baada ya wiki tatu, na rejea 11 badala ya 38.

Kitonga_Juu
Me swali dogo: waandishi wakiwa wengi unaandika wote?

BaridiYaNjombe
Inategemea, mkuu. APA toleo la 7, la 2019, inataka uwaandike wote mpaka 20 kwenye orodha. Vancouver kwa kawaida ni sita wa kwanza kisha et al., yaani na wenzake. Lakini kuna majarida yana sheria zake, kwa hiyo fungua makala ya karibuni ya jarida hilohilo uiweke pembeni ya yako, uangalie mpaka koma. Na kabla hujaanza soma maelekezo kwa waandishi. Yapo majarida, mengi ya mchapishaji Elsevier yakiwemo, yanayopokea mtindo wowote mara ya kwanza mradi uwe mmoja mwanzo hadi mwisho. Mtu anaweza kujitesa bure.

UpepoWaUporoto (mleta mada)
Mrejesho, siku ya nne. La kwangu si katika hayo, nimesoma maelekezo mara mbili.

Rejea 46 zimeingia kwa DOI, nne nimeziandika mwenyewe ndani ya Zotero. Mbili zilikuwa makala ileile: mahali pamoja niliandika ukoo, mahali pengine jina la kwanza, na mhariri angeliona kabla yangu ningekuwa nimekwisha.

Imebaki moja. Ripoti ya semina ya 1987, ndiyo yenye takwimu za zamani za viazi vya Uporoto. Ninayo nakala ya nakala, haina jalada, sijui nani kaihariri wala kurasa. Mkutubi kasema kuna boksi juu ya kabati, nije Jumatatu.

MamaMaharage
Piga picha jalada, ukurasa wa ndani na ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa hiyo mada, usije ukapanda ngazi mara mbili. Na usishuke bila kuhakikisha picha hazikutikisika.