Mashine mpya ya kufungasha imeletwa, kina mama wameigomea kimyakimya. Naombeni ushauri

Sapavaiza wa Usiku:
Wakuu, habari za muda huu. Ni sapavaiza wa kufungasha kwenye kiwanda kimoja cha biskuti hapa Dar (jina nalihifadhi, bado nakula hapo). Miaka yote tumefungasha kwa mkono: kina mama 14 kwa zamu, huyu anapanga, huyu anatia kwenye pakiti, yule anabana kwa moto. Mwezi uliopita ikashushwa mashine. Mafundi wa kampuni iliyotuuzia wakakaa siku tatu, wakafundisha vijana wawili, wakaondoka.

Kazi haiendi. Mashine inakata pakiti katikati ya jina la biskuti, plastiki tunatupa mifuko kwa mifuko. Kina mama ukiwaita wajifunze wanajibu, "Waite vijana, sisi macho hayaoni." Ukigeuka wanacheka. Meneja anasema kuna hujuma. Na kweli nimemwona mama mmoja, ana miaka 19 pale, akilisogelea jicho la mashine na kitambaa mkononi, mara mbili usiku mmoja. Nimeambiwa nimwandikie barua ya onyo. Yeye ndiye aliyenipokea nilipoingia pale kibarua. Nifanyeje?

Nati na Bolti:
Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Pembeni mwa roli la plastiki kuna alama ndogo nyeusi. Hilo jicho kazi yake ni kuisoma, ndipo kisu kijue pa kukata. Likipata vumbi halisomi, kisu kinakata popote. Na kwenye biskuti vumbi halikosekani. Hapo mnasafisha kwa nini, ufagio au upepo wa kompresa?

Sapavaiza wa Usiku:
Kompresa. Kila baada ya mapumziko.

Nati na Bolti:
Basi vumbi mnalipulizia wenyewe, halafu mnatafuta mchawi.

Kazi Kwanza:
Mwandikie barua. Kiwanda si chekechea, asiyetaka kujifunza akauze vitumbua.

Dada wa Tabata:
Wewe wa juu hujawahi kukaa meza ya kufungasha, inaonekana.

Kaka sapavaiza, mimi nimeikaa miaka sita, kiwanda kingine. Ilipokuja mashine tuliambiwa "jifunzeni, ni kwa faida yenu". Tukajifunza. Miezi miwili baadaye majina yakabandikwa getini. Sasa hao mama zako 14, umewaambia wanabaki wangapi? Kama hujui, wao wameshapiga hesabu yao, na jibu walilopata ndilo hilo linalowachekesha ukigeuka.

Jingine, kioo cha mashine kimeandikwa lugha gani? Kwetu kilikuwa Kiingereza kitupu, na vidole vyetu vimekauka kwa kushika pakiti za moto, unagusa mara nne kioo hakisikii huku kijana wa miaka 22 anakuangalia. Mtu mzima hakubali aibu hiyo mara mbili. Ni heri aseme haoni.

Mzee wa Tawi:
Nimekuwa kiongozi wa tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Mwambie meneja wako aisome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38. Akikusudia kupunguza watu anatakiwa atoe taarifa mapema, aeleze sababu, kisha akae mezani na chama au wafanyakazi wenyewe: namna ya kuepuka, nani apunguzwe na kwa kigezo gani, analipwa nini. Kubandika majina getini si mashauriano.

Huyo mama wa miaka 19 naye ajue hesabu yake. Kiinua mgongo cha kisheria ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Ni siku 70 basi, ile 9 iliyobaki haimo, labda mkataba wenu uwe mzuri zaidi. Ndiyo maana hana haraka ya kuifundisha mashine kazi yake.

Sapavaiza wa Usiku:
Mrejesho, wakuu. Jana usiku nimezuia kompresa upande ule, jicho likafutwa kila saa moja. Pakiti zilizoharibika hazikujaza hata mfuko mmoja.

Nikamfuata mama pembeni, nikamuuliza kuhusu kile kitambaa. Akacheka. Alishaona kwamba mashine inaharibu kila ikipulizwa, akawa analifuta jicho kimyakimya. Nikamuuliza mbona hakusema. "Nimwambie nani? Mafundi walikaa siku tatu, wamepita mbele yangu kama mimi ni upepo."

Barua sijaandika. Leo vijana wawili wamebandika karatasi za Kiswahili pembeni ya kioo: WASHA, SIMAMISHA, MOTO WA KUBANIA. Mama amekaa kwenye mashine dakika ishirini, kijana amesimama nyuma yake, mikono nimemwamuru aiweke mfukoni.

Meneja nimemuuliza wanabaki wangapi. Kasema "tutaangalia".

Dada wa Tabata:
Hata kwetu walisema hivyohivyo. Mtafute katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi, kaka.