Vijana na uundaji wa wahusika

Mwalimu, Kisumu: Wanafunzi wangu wa kidato cha pili huorodhesha sifa tu, "mrembo, mkarimu, mwenye bidii", kisha hadithi inakwama. Nianzie wapi?

Mwalimu, Nakuru: Mwalimu mwenzangu, anza na haja. Mchuuzi wa samaki pale ufuoni Dunga, Kisumu, anayetafuta karo ya mwanawe, lakini anayeona aibu kumkopa dadake, tayari ana hadithi, kwa sababu anachokitaka na anachokiogopa vinavutana ndani yake. Sura na mavazi vije baadaye.

Mwandishi, Kakamega: Naongeza usemi, ambao hupuuzwa mno. Wanafunzi wawasikilize watu sokoni Kibuye, kisha waandike mazungumzo yasiyotaja wasemaji. Msomaji akishindwa kuwatofautisha, wahusika hao wangali bapa, yaani hawana upekee wala undani.

Mwalimu, Kisumu: Nawashukuru, kesho tutaanza na mchuuzi huyo.