Laptopu binafsi kuingia mifumo ya ofisi: MDM, kivinjari au kompyuta ya mbali?

Fundi_Seva: Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ya mikopo ipo Dar, watu kama 40, kila mmoja na laptopu na simu yake. Barua pepe ni Google Workspace, mfumo wa mikopo unafunguka kwenye kivinjari tu. Bosi hataki kusikia habari ya kununua laptopu. Je, nisajili vifaa vyote kwenye MDM (mfumo wa ofisi kusimamia kifaa kizima kwa mbali), nisimamie kivinjari peke yake, au nihamie VDI (kompyuta ya mbali iliyo kwenye seva, mtu anaifungua kupitia laptopu yake)?

Mama_Tabu: MDM kwenye laptopu ya mtu? Jiandae kwa ugomvi. Akishajua ofisi inaweza kufuta mashine yenye picha za wanawe, hasaini. Kwenye simu za Android sawa, kwa sababu upande wa kazi unatengwa na ofisi haioni upande wa pili. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Usikusanye usichoweza kukitolea sababu.

Kibo_Admin: Kivinjari. Chrome Enterprise Core, huduma ya Google ya kusimamia Chrome, ni bure. Mtu anaingia kwa akaunti ya kazi, profaili hiyo inapokea sera zako (viendelezi, kuhifadhi nywila), ya kwake huigusi. Kuzuia faili lenye namba za NIDA lisipakiwe kwenye tovuti za nje, hilo ni Chrome Enterprise Premium, bei ya orodha dola 6 kwa mtu kwa mwezi. Mngekuwa upande wa Microsoft ningesema Edge (kivinjari chao) pamoja na Intune (MDM yao), maana Intune imo ndani ya kifurushi chao cha Microsoft 365 Business Premium.

Mzee_wa_Kebo: Kaka Kibo, umeruka jambo kubwa. Profaili unasimamia, sawa, lakini kesho mtu anafungua Firefox na kuingia kwa nywila ileile. Sera zako zitamkuta wapi? Lazima mlango ukatae kivinjari kisichosimamiwa, na mfumo wa mikopo uingiwe kwa akaunti ya Google tu, si nywila ya mfumo wenyewe. Udhibiti huo haumo kwenye Core.

Kibo_Admin: Kweli mzee, hapo nimekubali. Bure inaishia hapo.

Dada_Mtandao: Na laptopu ikiwa na virusi tayari? Kumbuka LastPass, kampuni ya kutunza nywila, 2022: wahalifu waliingia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wao kupitia programu ya kuchezea video, wakanasa nywila kuu alipokuwa akiibonyeza. Windows za kukraki zimejaa kwa wafanyakazi wetu.

Fundi_Seva: Basi VDI?

Dada_Mtandao: Anayenasa unachobonyeza anakinasa hata ukiwa ndani ya VDI. Faida yake ni kwamba mafaili yanabaki kwenye seva. Gharama unaijua, na intaneti ikiyumba kila mtu anakutazama wewe. Mimi ningeanza na funguo za usalama za USB kwa wanaoidhinisha mikopo, maana ukurasa bandia hauwezi kuziiba kama unavyoiba nywila. Hao wachache wanunuliwe na laptopu za ofisi.

Mzee_wa_Kebo: Hata laptopu ya ofisi, zuia akaunti binafsi kwenye Chrome. Kwa Okta, kampuni ya huduma za kuingia kwenye mifumo, 2023, nywila ya akaunti ya huduma (inayotumiwa na programu, si mtu) ilihifadhiwa kwenye Google binafsi ya mfanyakazi.

Fundi_Seva: Nimeelewa. Premium kwa wote, laptopu na funguo kwa waidhinishaji. Na mwenye iPhone?

Mama_Tabu: Chrome yenye akaunti ya kazi, asome barua pepe tu. Mikopo asiifungulie huko.