Mjadala: protini ya maziwa juu ya muhindi, tukubali ao tukatae?

Wakubwa na wadada wa Goma, naleta hii tuizungumze. Kuna watafiti wanakata protini ya maziwa vipande vidogo vidogo, wanatafuta vile vinavyoweza kuziba tripsini, ile enzaimu kiwavi anatumia tumboni kuvunja protini ya majani. Kipande kinaingia fasi ile enzaimu inashikia chakula kinakwama pale, mdudu anakula anakula lakini hapati nguvu, anadumaa. Kiwavi jeshi vamizi alionekana Afrika mara ya kwanza 2016, na sasa ukifungua moyo wa muhindi kule Kibumba unakuta mavi yake kama unga wa mbao, majani yametobokatoboka. Mimi niko upande wa kujaribu, ila si kwa maziwa, kwa maji ya fromaji. Wanapogandisha maziwa kule Masisi protini nyingine inatoka na yale maji, na wengi wanapatia nguruwe ao wanamwaga tu.

MAMA WA KATINDO: Mwanangu mimi nakataa. Watoto wana bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula chenye protini, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, na nyinyi mnawaza maziwa ya shamba? Leo unasema maji ya fromaji, kesho dawa ikipata bei mwenye ng'ombe atawauzia maziwa yenyewe. Sisi tunatia majivu kwenye moyo wa muhindi, hatulipi mtu.

KIJANA WA AGRO: Mama naheshimu, kwa shamba dogo majivu sawa, shamba kubwa nani atapita mche kwa mche? Lakini na wewe mukubwa uliyeanzisha usikimbie. Maji ya fromaji vile yalivyo siyo dawa, lazima protini ikatwe kwanza na vipande vichaguliwe. Halafu mdudu hakai bure. 1987 walitoa habari ya tumbaku iliyotiwa jeni ya kunde inayoziba tripsini, viwavi wakashindwa kuila vizuri, watu wakafurahi. 1995 ikaonekana Spodoptera exigua, ndugu ya huyu wetu, akikutana na vizuizi vya namna ile anatoa enzaimu zingine zisizozibika, anaendelea kula. Kipande kimoja peke yake hakitatosha.

MUKUBWA ALIYEANZISHA: Kijana hapo uko sawa, vitahitajika vipande vya namna mbalimbali, na waangalie kama vinashika jani mvua ikinyesha, maana huku mvua haibembelezi. Mama, juu ya watoto siwezi kubishana na wewe, maziwa ya kunywa yasiguswe, hiyo iandikwe mbele kabla mtu hajaanza kazi. Lakini ile dawa ya dukani watu wanapulizia bila glavu, mikono mitupu, na mtoto yuko mgongoni, ile inaniuma kila siku. Kama hivi vipande vikifika tufanye hivi: mistari ya majivu yako, mistari ya hivyo vipande, mistari tusiyoigusa, shamba moja, na wewe mwenyewe ndiye utahesabu viwavi.