Mkono unauma kwa mausi: nichukue ya wima au trakiboli?

Mleta mada: Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni kuhariri picha, mausi haitoki mkononi kutwa nzima. Ikifika alasiri mkono unawaka moto kuanzia kiwiko hadi kifundo. Mmoja kaniambia nihamie mausi ya wima, mwingine trakiboli, ile inayokaa palepale unazungusha mpira wake. Nichague ipi, na nitaizoeaje bila kazi kulala?

Fundi Picha: Pole sana mkuu. Mimi natumia ya wima na sirudi nyuma. Ya kawaida inalaza kiganja kifudifudi, mifupa miwili ya kigasha inapishana na misuli inajikaza muda wote. Ya wima unaishika kama unampa mtu mkono. MX Vertical ya Logitech imeinuliwa nyuzi 57. Lakini kabla ya jina, angalia ukubwa. Ikizidi kiganja chako utanyoosha vidole kufikia vitufe, na maumivu yatahamia huko. Ikiwa ndogo, kidole cha mwisho kinaburuzika mezani. Ishike kwanza ndipo ulipe.

Mwanzoni ukibofya, mausi nzima inateleza pembeni, kwa sababu kidole sasa kinasukuma kwa ubavu. Gumba likae upande wa pili kuizuia. Anza nayo kwenye kusoma na barua pepe. Kukata picha kwa umakini endelea na ile ya zamani hadi mkono utulie. Ongeza pia kasi ya kishale, halafu sogeza kwa kiwiko, kifundo kitulie. Hili wengi wanaliruka, na kwangu lina uzito kuliko aina ya mausi.

Mdau: Trakiboli inafaa meza finyu, mkono hautembei. Ila kuna ya kuzungusha kwa gumba na ya vidole, kama Kensington Expert Mouse. Gumba likiwa linauma tayari, hiyo ya gumba achana nayo.

Mama Kibodi: Na kibodi je? Yenye namba upande wa kulia inaisukuma mausi mbali, bega linachoka. Tafuta fupi isiyo na namba.

Mleta mada: Nashukuru sana. Na hii ganzi ya usiku kwenye gumba na vidole viwili vinavyofuata, mausi ya wima itaiondoa?

Fundi Picha: Hapo usisubiri mausi, mkuu. Ganzi ya vidole hivyo, tena usiku, mara nyingi ni neva iliyobanwa kifundoni. Ikiachwa muda mrefu, misuli ya shina la gumba inaweza kusinyaa. Mwone daktari wiki hii, na umtajie ni vidole vipi.