Ekzosi ya Jaguar E-Type ya 1965: kipi ni cha kiwandani?

Swali: Wakuu, naifufua E-Type ya lita 4.2. Manifoldi zake mbili, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda za injini, zina weusi unaong'aa kama bakuli la enameli, uliobanduka pembeni, ilhali sailensa zinametameta kama fedha. Nitatambuaje vipuri halisi?

Jibu: Ndugu, nakusihi usiukwangue weusi huo. Jaguar iliweka manifoldi za chuma cha kusubu, kila moja ikihudumia silinda tatu, zikiwa na enameli iliyochomwa tanuruni, wala si rangi ya kupuliza. Futa grisi taratibu, utafute namba iliyojitokeza kwenye chuma chenyewe, kwa kawaida ikianza na herufi C, kisha uilinganishe na kitabu cha vipuri cha modeli yako.

Jibu: Kuhusu sailensa, tumia sumaku. Za kiwandani zilikuwa za chuma cha kawaida, kwa hiyo sumaku isiposhika, hizo ni za baadaye, za chuma kisichoshika kutu. Hata hivyo, ikishika usishangilie bado, kwani vipuri vingi vya kubadilishia navyo ni vya chuma hichohicho.

Muulizaji: Sumaku imedondoka papo hapo. Manifoldi ya mbele nimeiona C; ya nyuma naendelea kuifuta.